Kisa cha nyumba ya Free Area: Sista, Mfamasia na maswali ya Shosho

Nyumba yenyewe haikuwa na maajabu. Bedrum mbili, Free Area hapa Nakuru, ghorofa ya pili, choo na bafu ndani, tokeni za stima kila mtu zake, maji hayakatiki, 16,000 kwa mwezi na depo ya mwezi mmoja. Mimi ni ajenti wa nyumba, kazi ni kuonyesha watu keja na kula kamisheni wakikubaliana, na keja ya bei hiyo upande huo huwa haimalizi wiki. Hii ilikaa wazi zaidi ya mwezi na walioitaka walikuwa na pesa mkononi. Nimeamua kuiandika yote juu watu huongea ukabila huku, mambo ya wanawake kule, mambo ya rangi mahali pengine kabisa, na hapa vyote vitatu vilikutana kwa ngazi ya ploti moja. Majina nimeacha, wahusika wako na wanajuana.

Waliotaka nyumba ni wawili, wote wanafanya kazi hospitali moja ya kibinafsi hapa tao. Mmoja ni nesi, nitamwita Sista kama wagonjwa wanavyomwita. Mwingine ni mfamasia, Mkenya mwenye asili ya Kihindi. Wote wametoka Kisumu, walijuana huko kabla ya kazi, na hesabu yao ilikuwa ya kawaida tu, wakigawana hiyo 16,000 kila mtu anatoa 8,000 na anaishi vizuri kuliko kujifungia bedsita peke yake mahali hajui mtu.

Sasa Sista sio mgeni Nakuru. Alizaliwa Kaptembwa, babake Mjaluo aliyekuwa anafanya kazi kiwandani, mamake Mkikuyu wa Njoro. Kikuyu anakiongea bila kukwama. Mwaka 2008, baada ya ule uchaguzi wa Desemba 2007, Nakuru ilikaa wiki kadhaa watu wakidhani imeponea, halafu mwisho wa Januari vita ya makabila ikawaka. Familia yao ikalala Afraha stediam na wengine wengi, kisha wakapanda basi wakapelekwa Kisumu, ati nyumbani, na Sista alikuwa amepajua kwa likizo za Krismasi peke yake. Huko shuleni watoto wakamwita nyar Okuyu, binti wa Mkikuyu kwa Dholuo. Akamaliza shule, akasomea unesi, akapata kazi, akarudi mji aliozaliwa na kufika tu akawa Mjaluo. Yeye hajabadilika kitu, kilichobadilika ni basi alilopanda.

Mfamasia naye kwao ni Kisumu toka kitambo. Kuna Wahindi waliokuja na reli, zaidi ya 30,000 waliletwa kuijenga na kama 6,700 ndio walibaki baada ya kazi kuisha, na kuna wengine wengi walikuja na biashara zao, na mwanzoni mwa karne iliyopita wengine walipewa mashamba pale Kibos nje ya Kisumu wakaanza kulima. Yeye Dholuo chake ni kile cha soko la Kibuye, cha kubishania bei ya omena na kushinda. Julai 2017 serikali ilitangaza Wakenya wa asili ya Kiasia kuwa kabila la 44. Nakuru makanga wanamwita mhindi, wanamwita madam, na akijibu kwa Kiswahili cha kawaida wanacheka kama ameonyesha mazingaombwe.

Basi, Sista ndiye aliona tangazo na akanipigia kwanza.

Hapa lazima nieleze kidogo venye kazi yetu inaenda, mtu asiyeijua ataona mambo yanayofuata kama bahati mbaya. Landlodi akikupa nyumba uitafutie mtu anakupa pia orodha, na hiyo orodha haiandikwi popote, inakuja kwa voisi ya WhatsApp ama ana kwa ana ukiwa unaonyeshwa mita ya maji. Landlodi wa nyumba hii ni mama mzee, Shosho, mjane. Orodha yake ilikuwa fupi: usiniletee hao watu wa ziwa (yaani Wajaluo), usiniletee wasichana hawana mabwana, usiniletee mtu wa mbwa. Ukitaka kujua mtu ni wa wapi huhitaji kumuuliza, unamwambia atume ile 300 ya kuonyeshwa nyumba kwa simu na jina linakuja lenyewe. La Sista lilikuja, la kwanza la kanisani, la mwisho linaanza na O kama majina mengi ya Kijaluo. Shosho akaniuliza, huyo ametuma pesa anaitwa nani. Nikamwambia. Akasema nyumba ishachukuliwa, na alisema hivyo tukiwa tumesimama ndani ya hiyo nyumba, tupu, rangi ya ukuta bado inanuka.

Hakuna aliyemtukana Sista. Hilo ndilo watu wa nje hawalijui vizuri, wanangoja kusikia matusi ndio waamini. Sista aliambiwa pole, imeenda juzi, tutakutafutia ingine, kwa sauti tamu kabisa. Asingekuwa na rafiki wa kumpigia mtu yule yule hangejua, angehesabu ni siku mbaya. Wako wengi sana hapa mjini wanaishi na hizo siku mbaya zao na hawana njia ya kuzithibitisha.

Mfamasia akanipigia jioni hiyo hiyo. Nikampelekea Shosho habari, nikataja jina. Akachangamka. Mlete huyo, hao ni watu wa kulipa. Halafu akaongeza, mwambie ni 22,000. Nikamuuliza kwani si 16,000, akasema hiyo ilikuwa bei ya kuanzia, mhindi hashindwi na 22. Na tazama ile sheria ya pili ilivyopotea: hakuuliza kama ana bwana. Kwa Shosho mwanamke wa Kihindi ana duka nyuma yake, ana baba, ana gari, hata kama anayeongea naye ni mfanyakazi wa mshahara anayepanda matatu ya Lanet kama sisi wote. Rangi ilimfungulia geti ambalo jina lilimfungia mwenzake, ikamtoza kwa kupita.

Tulipoenda kuiona, soja wa geti alisimama, jambo ambalo kwangu hajawahi kulifanya. Kareteka, yule mwangalizi wa ploti, Mluhya mmoja mpole hivi, akamuuliza Mfamasia swali ambalo nina hakika hakulikusudia vibaya: kwani Milimani kumejaa?

Hilo swali ni la miaka zaidi ya mia, hata kama aliyeliuliza hakuwepo. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, walowezi wakaifanya makao yao makuu, na mji ukapangwa kwa rangi. Wazungu juu kule kwa mteremko wa Menengai penye hewa, ndio Milimani, na ukienda Kisumu kuna Milimani, Nairobi kuna Milimani, na zote zilikuwa za watu wale wale. Wahindi katikati, nyumba juu duka chini. Mwafrika kwa lokesheni, mtaa aliotengewa, Bondeni na kuzunguka huko, karibu na reli na kazi. Mashamba ya kuzunguka mji yalikuwa ndani ya zile nyanda za wazungu ambazo Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki na Mhindi hakuruhusiwa kumiliki. Sheria zenyewe zilishakufa. Lakini muulize mtu yeyote wa Nakuru leo mhindi anaishi wapi, atakujibu bila kufikiria, na atakushangaa ukimwambia anataka Free Area karibu na mama wa chapati.

Mfamasia alicheka akamjibu, Milimani iko lakini mshahara wangu hauko huko. Kareteka naye akacheka. Tukaelewana vizuri tu, tukaitisha siku ya kuja kuongea na Shosho mwenyewe, na Mfamasia akasema atakuja na mwenye watakaa naye.

Siku hiyo Sista alifanya kitu ambacho nilikuwa sijakitarajia. Alipofika mlangoni kwa Shosho alimwamkua kwa Kikuyu, cha heshima, kile cha mtoto aliyelelewa na nyanya. Mzee akayeyuka. Akamshika mikono yote, akamketisha kando yake, akamuuliza ni mtoto wa nani, nyanyake alitoka upande gani wa Njoro, wakaanza kutajana kanisa na shule. Chai ikaja. Ile 22,000 ikaanza kushuka yenyewe bila mtu kuigusa. Mimi nilikuwa nimekaa kwa kiti cha plastiki najua jina linaloanza na O liko kwa pochi ya huyu msichana na nilikuwa natokwa na jasho.

Tukapanda kuona nyumba. Kwa ngazi Sista na Mfamasia wakaanza kuongea wao kwa wao kuhusu pahali pa kuweka friji na kama dirisha la jikoni lina wavu. Na kuongea kwao kwa kawaida ni Dholuo. Shosho alikuwa nyuma yao anapanda pole pole. Akasimama. Sijui ni kipi kilimshtua zaidi, msichana wake wa Njoro kuongea kijaluo ama mhindi kukiongea hata kumshinda. Aliniangalia mimi, sio wao. Tuliporudi chini akaitisha vitambulisho, tena kwa upole, ati ni vya mkataba. Akakiweka cha Sista karibu na dirisha ndio asome vizuri: majina matatu, mahali pa kuzaliwa Nakuru, mahali pa kutolewa Kisumu. Akakirudisha mezani kikiwa kimegeuzwa chini.

Halafu akauliza lile lingine. Na nyinyi wawili, mtaishi vipi? Mabwana wako wapi? Sista akasema hajaolewa. Mfamasia akasema hajaolewa. Na sasa, angalia, huyu mhindi ambaye wiki iliyopita hakuulizwa kama ana bwana anaulizwa, juu amekaa na Sista, ni kama uanamke wake umeanza kuonekana baada ya utajiri wake kufutika. Kareteka alinivuta kando kwa geti akaninong'oneza kama hawa ni wale wa mambo ya siku hizi. Wanaume wawili wakikodi nyumba hapo, na wako, ploti ya nyuma kuna madereva wawili wa trela wanaishi pamoja, hao ni watu wa kuokoa pesa. Wanawake wawili lazima kuna kitu.

Nataka nikae hapo kidogo juu ni rahisi kumwekea Shosho na kareteka lawama yote. Miji yetu hii ilijengwa kwa wanaume. Enzi ya mkoloni Mwafrika alihesabiwa mjini kama kibarua, chumba kimoja, mara nyingi cha kulala wanaume kadhaa, mke abaki reserve alime. Kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, kilipoanza kuvalishwa watu, kuanzia karibu 1919, kilikuwa cha wanaume, na mwanamke wa Kenya alikuja kuingizwa kwa sheria ya vitambulisho mwaka 1978, Uhuru ukiwa na miaka kumi na tano. Mwanamke aliyekuwa mjini peke yake alikuwa hana karatasi inayosema yeye ni nani, kwa hivyo ilibidi awe wa mtu, mke wa fulani, ama awe yule malaya. Hizo nafasi mbili ndizo Shosho anazijua. Yeye mwenyewe ameishi ndani ya ya kwanza, na bwanake alipokufa mashemeji walitaka kumtoa kwa hii ploti, ati ni ya ukoo, ati mwanamke akiolewa tena itaenda. Bwanake alikuwa amenunua kiploti kupitia moja ya zile kampuni za kununua mashamba za miaka ya 70, jina kwa karatasi ni la mwanaume, na Shosho alizunguka kortini na kwa chifu miaka kabla kiwe chake. Huyo ndiye mtu anayekataa msichana asiye na bwana. Nilimuuliza siku moja venye anaona hiyo, akaniambia ndio maana, mimi najua vile mwanamke peke yake anasumbuliwa, sitaki hiyo vita kwa geti yangu.

Na kuhusu watu wa ziwa, hapo ndipo kisa kinaingia ndani zaidi. Shosho hakuwa Nakuru mwaka 2007. Alikuwa Kisumu, Kondele, na duka la vyombo, sufuria na mabeseni na thamosi. Alikuwa amekaa huko kutosha kujua wateja wake kwa majina ya watoto wao. Matokeo yalipotangazwa duka likaporwa halafu likachomwa, akatoka na nguo alizovaa, akalala kwa kituo cha polisi na Wakikuyu wengine, lori likawaleta huku. Aliniambia kitu kimoja ambacho nimekishika: kwamba aliyemwonyesha mlango wa nyuma alikuwa Mjaluo, na aliyebeba thamosi zake alikuwa Mjaluo pia, na yeye hajui mpangaji anayekuja ni yupi kati ya hao wawili, basi bora asijue kabisa.

Ile tume ya Waki, iliyochunguza vita ya baada ya uchaguzi, iliandika mwaka 2008 kwamba watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchi nzima, na iliandika pia kitu ambacho hapa Nakuru na Naivasha watu hawapendi kukitaja, kwamba wanawake walibakwa na wanaume wa Kiluo walitahiriwa kwa nguvu. Vita moja, lakini ilimfikia kila mtu kwa mwili wake. Kwa hivyo mtu akikwambia suala la nani anaishi Free Area ni la kabila peke yake, ama ni la mwanamke peke yake, muulize alikuwa wapi.

Kilichofungua hii nyumba kilikuwa simu. Sista alimpigia mamake Kisumu, akamweleza, mama akasema nipe huyo mzee. Wakaongea Kikuyu, simu ikiwa kwa spika mara ya kwanza, halafu Shosho akaitoa spika akaingia nayo ndani. Walikaa huko mpaka chai ya mezani ikaunda ngozi. Nilikuja kuelewa baadaye. Mama ya Sista alitoka Nakuru akielekea Kisumu ndani ya wiki zile zile Shosho alikuwa anatoka Kisumu kuja Nakuru, na mama aliingia Kisumu akiwa Mkikuyu aliyeolewa na Mjaluo, Januari hiyo, unaweza kufikiria. Alikaa ndani kwa mama mkwe wiki nyingi, mtu akibisha anaingia bedrum, watoto wamefunzwa kusema mama ameenda hosi. Shosho alitoka na macho mekundu na simu mkononi akasema, huyu namjua. Kumbe hawajawahi kuonana.

Lakini bado hakuwa amemaliza, na hapa ndipo nilimheshimu na kuchoka naye kwa pamoja. Akasema sawa, wataingia, ila kuwe na mwanaume wa kuongea naye kukiharibika kitu. Sista ana kaka mdogo, mdogo kwake, hana kazi ya kudumu, yuko Kisumu anasaidia fundi wa welding. Akapanda gari akaja Nakuru kuweka sahihi kwa mkataba wa nyumba ambayo dada yake ndiye anailipia. Jina lake la mwisho ni lile lile linaloanza na O. Shosho hakulisoma hata, alitaka tu kuona ni mwanaume. Na kodi ikakaa 18,000, juu mwenye nyumba akiona mhindi anaingia hawezi kujilazimisha kurudi 16. Kabila lililipiwa na simu ya mama, uanamke ukalipiwa na sahihi ya kaka, rangi ikalipiwa 2,000 kila mwezi.

Kwa sheria haya yote hayafai kuwepo. Katiba ya 2010 kifungu cha 27 inakataza ubaguzi wa jinsia, rangi, kabila na hali ya ndoa, na inamkataza mtu binafsi, sio serikali peke yake. Kifungu cha 39 kinampa kila raia haki ya kuishi popote Kenya. Kuna sheria ya uwiano wa kitaifa ya 2008, iliyozaliwa na vita yenyewe, na inagusa ukabila mpaka kwa mambo ya mali. Sawa. Niambie sasa Sista angeenda wapi na ule ujumbe wa pole imeenda juzi. Hata lile baraza la kodi la sheria ya zamani linashughulikia nyumba zisizozidi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho hakijaguswa toka enzi, na nyumba ya 2,500 Nakuru leo ni chumba cha mabati ukibahatika. Ubaguzi wa kukodisha haushikiki juu hauachi karatasi, kila kitu kinafanyika kwa mdomo, na mdomo mwingi ni wetu maajenti, tunalipwa nyumba ikijaa na sio nyumba ikijaa kwa haki.

Waliingia. Na kuingia sio mwisho, maana geti linafungwa saa nne usiku.

Shifti ya jioni ya Sista inaisha saa tatu, akikosa matatu haraka stejini anafika saa nne na dakika kadhaa. Akiwa na shifti ya usiku anarudi asubuhi watu wakipeleka watoto shule. Wiki ya pili kareteka akanipigia, ati wapangaji wanauliza huyu msichana anatoka wapi alfajiri na viatu mkononi. Viatu mkononi ni juu miguu imevimba, amesimama wodini usiku kucha, muulize nesi yeyote. Wale madereva wa trela wana funguo ya geti. Kijana mmoja wa chini anayefanya kazi ya sekyuriti usiku ana funguo ya geti. Hakuna mkutano uliofanywa kuwapa, walipewa siku ya kuingia, juu mwanaume akichelewa ni kazi. Sista aliomba akaambiwa tutaangalia. Sasa anamlipa boda mmoja anayejua kumpigia soja honi, na hiyo honi ndiyo inaamsha ploti, halafu ploti inalalamika juu ya honi.

Mfamasia hana shida ya geti, soja akimwona analifungua kabla afike. Shida yake ni ile nafasi kati ya geti na steji, mwendo wa dakika chache kwa mguu ambao amekuja kuukata kwa boda kila siku. Watoto wanamwimbia mhindi mhindi, hiyo anasema hata amezoea, ila kuna wanaume wanamfuata wakihesabu bei yake kwa sauti, wanadhani hasikii lugha. Boda ya 50 kwake ni 150. Akinunua sukuma mama mboga anamwongezea bei halafu anamwongezea na dania bure, kama kuomba msamaha. Aliniambia Kisumu pia ni mhindi, lakini Kisumu ni mhindi wa mtu fulani, duka lao linajulikana, huku ni mhindi tu.

Na yule kaka, usimdhani alipita bila kulipa. Usiku wa kuweka sahihi alitoka kununua mkate dukani saa tatu, polisi wakamsimamisha kona, kitambulisho, umetoka wapi, unafanya nini huku. Akaonyesha, kimetolewa Kisumu, akakaa kwa gari yao mpaka Sista akashuka kuongea. Nimeishi Nakuru maisha yangu yote na sijaona polisi wakimsimamisha Mfamasia wala mwanamke wa umri wa Shosho kuwauliza karatasi saa tatu usiku. Wanawake wanaulizwa wanatoka wapi na majirani, wanaume vijana wanaulizwa na bunduki.

Mambo yamelegea kiasi, niseme ukweli. Shosho huwa anamtuma kareteka amwite Sista ampime presha, na anamsubiri na chai. Anamwita mwarĩ, binti kwa Kikuyu, wakiwa wawili. Mbele ya mashemeji zake anamwita mpangaji. Funguo ya geti ilikuja kupatikana, ikapewa Mfamasia, ndiye anampa Sista akienda usiku. Mbona isipewe Sista moja kwa moja, nimeuliza, nikaambiwa si ni nyumba moja.

Kilichobaki ni Agosti 2027. Hapa Nakuru uchaguzi una kalenda yake ya nyumba, kuanzia Mei ama Juni simu zangu zinaanza, watu wanataka kuhama kwenda mitaa ya watu wao ama kupeleka familia ushago wakingoja, na landlodi nao wanaanza kusafisha ploti polepole, huyu anaongezewa kodi, yule anaambiwa mtoto wangu anarudi anataka hiyo nyumba. Jamaa za Mfamasia huko Kisumu hufunga duka na kuhamisha stoki kabla ya kura, ni kitu wanapanga kama watu wengine wanavyopanga karo. Sista hajatupa katoni ya friji, imekunjwa nyuma ya kabati. Mkataba wao ni wa mwaka mmoja na unaisha mapema 2027, na ameniomba nimtafutie wa miaka miwili uvuke uchaguzi. Nikampigia Shosho. Akasema hajakataa, wakae tu hakuna mtu anawafukuza, lakini kuandika hataki kuandika.